Uzi: Kwa nini roboti bado inahangaika kuokota kifurushi kwenye lundo

Fundi Mikanda (mwanzisha uzi):

Wanajukwaa, salaam.

Kila inaposambaa video ya mkono wa roboti ukipanga maboksi ghalani, mjadala humu hukimbilia kwenye ajira kabla hatujaelewana mashine yenyewe inafanya nini na inashindwa wapi. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mikanda ya kusafirishia mizigo pamoja na skana zake, hivyo naomba nianze na upande wa ufundi, na suala la ajira tulifikie tukiwa na msingi. Ninachotaka kusema ni hiki: mashine zimefanikiwa kushughulikia vifurushi pale ambapo watu walizitengenezea mazingira kwanza, ama kwa kubadilisha lebo, ama boksi, ama rafu, ama sakafu yenyewe. Mzigo ulioachwa kama ulivyoletwa na mteja unaisumbua kamera hadi leo, na anayenunua roboti kabla ya kuipa mizigo yake utaratibu anaezeka paa kabla ya kusimamisha ukuta.

Tuanze na barua, maana macho ya mashine yalifunguliwa posta. Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake katika maabara za Bell nchini Marekani walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kufundishwa kusoma tarakimu za misimbo ya posta zilizoandikwa kwa mkono. Tarakimu walizotumia zilikuwa 9,298, zote zikiwa zimekatwa kutoka kwenye barua halisi zilizopita posta ya Buffalo, jimbo la New York, kwa hiyo zilikuwa na miandiko ya kila namna, iliyonyooka na iliyolala, mingine ikiwa na sifuri isiyofungwa juu. Programu yao, ya aina iitwayo mtandao wa neva bandia, ambayo hujifunza kwa kuonyeshwa mifano, ni babu wa programu nyingi zinazotumika sasa kutambua boksi ghalani, uso wa mtu kwenye simu na gari barabarani.

Hata hivyo, posta ya Marekani haikukaa kusubiri kompyuta ijue kila mwandiko. Barua iliyoishinda mashine ilipigwa picha, ikachapwa mgongoni mistari ya rangi ya chungwa inayong'aa ili itambulike baadaye, na picha yake ikatumwa hadi kituo cha mbali ambako karani aliketi mbele ya skrini, akaisoma anwani, akabonyeza herufi chache za kutosha kuitambua. Jibu liliporudi, barua ilipitishwa tena mashineni, mistari ya chungwa ikasomwa, na msimbo kamili ukachapwa upande wa mbele. Vituo hivyo vilifikia 55 katika miaka ya 1990, na kadiri programu zilivyozidi kuelewa miandiko vikafungwa kimoja baada ya kingine. Naomba tuukumbuke utaratibu huo, kwa sababu ndio uliorudiwa karibu kila mahali baadaye: mashine inabeba yaliyo mepesi, binadamu anabeba mabaki, na mabaki yanapungua taratibu bila kwisha.

Kifurushi ni kigumu kuliko barua kwa sababu kina pande sita na lebo huwa upande mmoja. Vituo vikubwa vimelitatua hilo kwa handaki la kamera. Mkanda unapita ndani ya fremu yenye kamera juu, ubavuni, mbele na nyuma, na nyingine ikichungulia kutoka chini kupitia mwanya ulioachwa kati ya mikanda miwili. Kabla ya hapo kuna jicho la mwanga linalokatwa na kifurushi kinapopita, na kwa kukatwa huko kompyuta inajua kimeanzia wapi na kimeishia wapi. Kasi ya mkanda inajulikana, kwa hiyo inabaki kukokotoa ni baada ya muda gani kifurushi hicho kitakuwa mbele ya mlango wake. Muda ukifika, vipande vidogo viitwavyo viatu, vilivyopangwa juu ya mkanda, vinateleza kimshazari na kukisukuma nje. Kituo cha UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, kiitwacho Worldport, huko Louisville katika jimbo la Kentucky, kina uwezo wa kuchambua vifurushi vipatavyo 416,000 kwa saa. Mgeni akisimama pembeni ya mitambo ya namna hiyo huona maajabu, lakini kwa fundi kifurushi kikishafika mkandani kikiwa peke yake na lebo yake ikionekana, kilichobaki ni hesabu.

Ugumu uko kabla ya hapo na baada ya hapo. Nani anavitoa vifurushi kwenye lundo, kimoja kimoja, na kuvilaza mkandani vikiwa vimeachana? Na mwisho wa safari, nani anavipanga ndani ya tela bila kuacha mianya na bila kuweka kizito juu ya chepesi? Kwa miaka mingi jibu la maswali yote mawili lilikuwa mtu.

Walioanzisha Kiva Systems mwaka 2003, wakiongozwa na Mick Mountz ambaye alikuwa ametoka Webvan, kampuni ya kuuza vyakula mtandaoni iliyofilisika mwaka 2001, waliamua kulikwepa swali la kuokota. Roboti yao ni fupi na bapa. Inaingia chini ya rafu, inaiinua nzima na kuipeleka kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja, na macho na vidole vinabaki kuwa vya mtu. Yenyewe inaona kidogo mno. Kamera moja inatazama chini na kusoma vibandiko vya msimbo vilivyogundishwa sakafuni kwa mpangilio wa gridi, nyingine inatazama juu na kusoma kibandiko kilicho chini ya rafu, basi. Haina habari kama imebeba sabuni au vitabu. Amazon iliinunua kampuni hiyo mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na mwaka 2025 ikatangaza kufikisha roboti milioni moja katika maghala yake, ambazo sehemu kubwa ni za kubeba na kusogeza tu.

Kilichobaki Amazon ilikijua, ndiyo maana mwaka 2015 iliandaa shindano la kuokota bidhaa kule Seattle. Kila timu ilipewa rafu yenye vyumba 12 na dakika 20, na bidhaa zilijulikana mapema: biskuti, vitabu, vifaa vya kuandikia, vitu vya kuchezea mbwa. Washindi walitoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Walifunga kikombe cha kunyonya mwishoni mwa mkono wa roboti, wakakiunganisha na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ya nyumbani, na wakafanikiwa kuokota bidhaa 10 kati ya 12. Kulikuwa pia na kikopo cha kalamu kilichosukwa kwa waya, ambacho hewa ilipita katikati ya matundu yake na kikombe hakikupata cha kushika. Mtoto wa miaka miwili angekichukua bila kufikiri.

Mwaka uliofuata, kule Leipzig, timu ya Delft ya Uholanzi iliibuka mshindi kwa kasi ya bidhaa kama 100 kwa saa, wakati mtu alikadiriwa kuokota kama 400, na roboti ilikosea takriban mara moja katika kila sita. Mwaka 2017 kule Nagoya, Japani, washindi walikuwa Waaustralia, ambao waliachana kabisa na mkono wenye viungo vingi. Walijenga fremu yenye reli zilizonyooka, na kifaa cha kushikia kikawa kinashuka kutoka juu. Kitu ninachowasifia zaidi ni kwamba waliweka mizani chini ya masanduku. Kamera ikisema imechukua pakiti fulani, uzito uliopungua ulipaswa kukubaliana nayo, vinginevyo kitu kilirudishwa. Hawakuyaamini macho peke yake, na nadhani walistahili ushindi wao kwa hilo pekee.

Sasa, macho hayo yanasumbuka na nini hasa? Kamera nyingi za kazi hii hupima umbali pamoja na rangi: zinamulika nukta za mwanga usioonekana au zinalinganisha picha za lenzi mbili, kisha kila nukta ya picha inapata kina chake. Plastiki inayopitisha mwanga inaonekana kama haipo. Kitambaa cheusi kinaumeza mwanga na kuacha shimo kwenye picha. Karatasi ya kung'aa inaurudisha kwingine na kuzua kilima kisichokuwepo. Maboksi mawili ya rangi moja yaliyobanana yanaonekana kama boksi moja pana, roboti inalenga katikati, kikombe kinakaa juu ya mshono, hewa inavuja na yote mawili yanabaki. Mbinu mojawapo inayotumika hapo ni kulivuta boksi kidogo kwa pembe moja, kupiga picha upya na kutazama ni mstari upi umesogea. Mifuko laini ya nailoni ndiyo kero kubwa zaidi: ina mikunjo inayovujisha hewa, na ukishauinua mmoja, kilichomo kinateleza upande mmoja na uzito unahama ukiwa hewani.

Ndiyo maana roboti kama Stretch ya Boston Dynamics, iliyozinduliwa mwaka 2021, ilianza na kazi ya kushusha maboksi kutoka kwenye matela na makontena. Ina mkono wenye pedi ya kunyonya, mlingoti wa kamera na uwezo wa kuinua takriban kilo 23. Ndani ya kontena, boksi ni boksi: lina kona, lina uso bapa, na majirani zake wanafanana nalo.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliowahi kufanya kazi kwenye maghala au ofisi za mizigo.

Karani wa Mizigo:

Mkuu Fundi, shukrani kwa uzi. Mimi nipo kwenye ofisi ya mizigo ya mabasi ya mikoani, Dar es Salaam, na naomba nieleze tu kinachofika mezani kwetu kabla ya saa nne asubuhi. Kuna televisheni iliyofungwa ndani ya boksi la televisheni nyingine. Kuna spea za pikipiki ndani ya kiroba cha unga kilichokazwa kwa mpira wa tairi. Kuna ndoo ya mafuta yenye mfuniko uliozungushiwa tepu mara nyingi kiasi kwamba haijulikani mwanzo wa tepu uko wapi. Kuna begi la shangazi kaja lililotuna nguo, zipu imeshonwa kwa uzi. Jina la mpokeaji na namba yake ya simu huandikwa ubavuni kwa maka peni. Kwenye kiroba wino unapotelea katikati ya nyuzi, na 1 ya mtu mmoja ni 7 ya mwingine.

Anwani hatuiulizi, kwa sababu haitusaidii. Mpokeaji anapigiwa simu aje stendi. Kisha kuna vijana wanaopanga buti, ambao hawajasoma hesabu ya upangaji popote, lakini wanajua mzigo wa Morogoro unaingia mwisho kwa kuwa ndio unaoshuka kwanza, na ndoo haikai juu ya televisheni hata mwenye ndoo akiapa kwamba haivuji. Sasa handaki la kamera likiletwa pale kwetu litasoma nini?

Mekatroniki Mwaka wa Tatu:

Kaka Fundi, nimejifunza mengi, ila kwa heshima naomba kutofautiana nawe kidogo. Mifano yako mikuu inaishia 2017, na mambo yamebadilika sana tangu hapo. Mwaka huohuo maabara ya Ken Goldberg katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitoa mfumo wa Dex-Net 2.0, uliofundishwa kwa mifano milioni 6.7 ya data za umbali iliyotengenezwa ndani ya kompyuta, bila mtu kukaa kuinua vitu kimoja kimoja. Roboti ilijifunza kuchagua mahali pa kushika hata kwenye kitu ambacho haijawahi kukiona, kwa sababu haikuhitaji kujua kitu hicho kinaitwaje. Ilihitaji kujua umbo lake na uwezekano wa kukishika kisiponyoke. Mwaka 2022 Amazon ilionyesha mkono uitwao Sparrow, unaookota bidhaa mojamoja kutoka kwenye masanduku, na mwaka 2025 ikaonyesha Vulcan, ambao una hisi ya mguso na unajua umegusa kitu kwa nguvu kiasi gani. Haya ni mambo yaliyoonekana hayawezekani wakati wa lile shindano la Seattle. Kusema kwamba lazima tuipangie mashine mazingira kulikuwa kweli jana. Nina shaka kama kutakuwa kweli miaka kumi ijayo.

Fundi Mikanda:

Mdogo wangu wa Mekatroniki, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Dex-Net ilikuwa hatua kubwa, hasa kwa sababu uliyoitaja mwenyewe ya kutenganisha kushika na kutambua. Lakini itazame hiyo mifano miwili ya mwisho kwa karibu. Amazon ilisema Sparrow inaweza kushughulikia takriban asilimia 65 ya aina za bidhaa zake, na Vulcan takriban asilimia 75. Bidhaa hizo zimeshasajiliwa kabla ya kuguswa, zinakaa kwenye masanduku ya umbo moja au vyumba vya rafu vya vipimo vinavyojulikana, na taa za ghala hazibadiliki na jua. Vulcan ikiona kitu hakiwezekani, inamwita mtu. Mazingira yamepangwa, kilichotokea ni kwamba yamepangwa vizuri kiasi kwamba hayaonekani kwenye video.

Halafu kuna suala la kosa dogo. Chukua mkanda unaopitisha vifurushi 1,000 kwa saa, na roboti inayopatia asilimia 99. Katika mtihani wa chuo hayo ni matokeo ya kujivunia. Kwenye mkanda ni vifurushi 10 kila saa, yaani kila dakika 6 mtu anaitwa kuja kuokota kilichoanguka au kutenganisha viwili vilivyoshikana. Ikiwa mtu huyo ni lazima awepo muda wote, meneja atauliza kwa nini asiokote yeye mwenyewe tangu mwanzo. Kutoka asilimia 99 hadi 99.9 ndiko pesa nyingi zinakoishia, na huko hakuna anayepiga video.

Ndugu Karani, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Handaki la kamera pale kwenu lisingesoma chochote cha maana, na nisingemshauri mtu yeyote alinunue. Kinachowezekana kwenu ni kamera ambayo tayari iko mfukoni mwa kila karani. Mzigo unapopokelewa, printa ndogo ya risiti inatoa kibandiko chenye msimbo wa miraba (QR) pamoja na maandishi makubwa ya mji unakokwenda. Anayepakia anausoma kwa simu, anayepokea anausoma kwa simu, na mfumo unajua mzigo ulionekana mara ya mwisho mkononi mwa nani. Hayo nayo ni macho ya mashine. Kupanga buti waachieni vijana wenu, maana hao wanafanya kwa dakika chache kazi ambayo roboti za mamilioni bado zinaikwepa.

Mstaafu wa Posta:

Vijana wangu, mmenikumbusha mbali. Naomba niongeze jambo moja ambalo wengi wanaliona kila siku bila kuliangalia. Barua ya rejista au kifurushi cha EMS, ile huduma ya haraka ya posta, kinachotoka nje ya nchi kina namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi, TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, na kadhalika. Huo ni utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, na tarakimu ya tisa haikuwekwa hivihivi. Ni mlinzi wa zile nane za mwanzo.

Chukueni mfano wa RR 473124829 TZ. Zile nane za mwanzo, 4, 7, 3, 1, 2, 4, 8 na 2, huzidishwa moja moja kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Majibu ni 32, 42, 12, 2, 6, 20, 72 na 14, jumla 200. Gawanya kwa 11, inabaki 2. Toa 2 kwenye 11 unapata 9, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Sasa tuseme kamera au karani mwenye usingizi amesoma ile 8 kuwa 3. Jumla inashuka hadi 155, inabaki 1, ukiitoa kwenye 11 unapata 10, na kanuni inasema 10 iandikwe 0. Lakini kibandiko kinasema 9. Papo hapo mfumo unajua kuna kosa, hata kabla ya kujua kosa liko wapi, na kifurushi kinatolewa pembeni badala ya kupelekwa nchi isiyo yake. Namba ya simu iliyoandikwa kwa maka peni haina mlinzi wa namna hiyo. Ukikosea tarakimu moja unampata mtu mwingine kabisa, na mtu huyo anaweza akasema mzigo ni wake.

Kuhusu anwani, Karani yuko sahihi kwamba leo haimsaidii, ila hali inabadilika. Tangu Operesheni Anwani za Makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi Tanzania ina majina, nyumba zina namba, na kata zina postikodi. Msimbo wa kubandika kwenye mzigo ungeweza kubeba postikodi tangu siku ya kwanza, hata kama kwa sasa hakuna anayeupeleka mzigo hadi mlangoni. Kuiongeza baadaye ni ghali kuliko kuiacha nafasi sasa.

Dada wa Ohio:

Habari zenu kaka zangu, na shikamoo Mzee Mstaafu. Mimi niko Columbus, Ohio, na nimefanya kazi kwenye ghala lenye roboti za aina ile aliyoieleza kaka Fundi, zinazobeba rafu nzima. Jina la kampuni naliacha. Naandika kwa sababu mnazungumzia ajira kana kwamba ipo au haipo, na nilichokiona ni cha katikati.

Ninasimama kwenye jukwaa dogo lenye uzio. Rafu inakuja yenyewe na kusimama, taa inaangazia kachumba ninachotakiwa kuchukua kitu, skrini inaonyesha picha yake, ninakichukua, ninakipitisha kwenye skana, ninakiweka kwenye sanduku ambalo taa yake imewaka, ninabonyeza, na rafu nyingine tayari iko nyuma yake. Waliotangulia kabla ya roboti walitembea zamu nzima na kurudi nyumbani miguu imevimba. Mimi sitembei, ila bega la kulia ndilo linalolipa, kwa sababu mwendo unapangwa na mashine na rafu haichoki. Kinachonisumbua zaidi ya uzito ni kwamba muda ule wa kutembea ulikuwa pia muda wa kuvuta pumzi, na umeondolewa bila mtu kuuhesabu kuwa ni mapumziko.

Halafu kuna meza moja pembeni ambayo wageni hawaonyeshwi. Pale wanakaa wenzetu wanaopokea kila kilichokataliwa na mashine: lebo iliyochanika, chupa iliyovuja ndani ya sanduku, bidhaa mbili zilizofungwa pamoja ambazo kompyuta inaamini ni moja. Hao ndio wanaoheshimika, kwa sababu wanatakiwa kujua mfumo mzima ili kugundua umekosea wapi. Kaka Fundi ameita kazi hiyo mabaki. Kwetu ndiyo kazi ambayo kila mtu anaomba kuhamishiwa, na nafasi zake ni chache.

Mekatroniki Mwaka wa Tatu:

Dada, asante kwa kutueleza ya ndani. Suala la mwendo kupangwa na rafu sikuwahi kulifikiria. Naona kwenye masomo tunafundishwa kupunguza muda wa kila tendo bila kuuliza ule muda ulikuwa unafanya kazi gani nyingine. Kaka Fundi, hesabu ya dakika 6 nimeielewa, ingawa bado naamini mguso utaziba sehemu kubwa ya pengo, kwa kuwa vidole vya mtu huamua mengi ambayo macho hayakuyaona. Nitarudi na mradi wangu wa mwaka wa mwisho.

Karani wa Mizigo:

Mzee Mstaafu, hesabu yako nimeijaribu kwenye kifurushi kilichopo hapa ofisini na imekubali. Dada, pole kwa bega. Mkuu Fundi, nimezungumza na bosi kuhusu vibandiko, na ameuliza swali moja tu: kwenye kiroba vitabandikwa wapi, maana gundi haishiki, na tukizungushia tepu simu inagoma kusoma?

Fundi Mikanda:

Ndugu Karani, simu inagoma kwa sababu tepu ya kung'aa inarudisha mwanga wa taa moja kwa moja kwenye kamera, na doa jeupe linafunika sehemu ya msimbo. Tumieni tepu isiyong'aa, au ipitisheni kwenye kingo za kibandiko tu bila kuvuka msimbo.

Kwa kiroba, msibandike kwenye kiroba chenyewe. Nunueni vitambulisho vya karatasi ngumu vyenye tundu, bandikeni kibandiko huko, kisha mfunge kwa waya laini au kamba shingoni mwa kiroba, pale kilipokazwa. Shingo ndipo mtu anaposhika wakati wa kuinua, kwa hiyo kitambulisho kitakuwa karibu na mkono wake kila mara. Kwa maboksi, bandikeni upande mpana zaidi ambao si wa juu, kwa sababu juu kutawekwa mzigo mwingine, na mkae mbali na mshono unaofunguliwa. Kwa ndoo, wekeni ubavuni kwa wima, ili msimbo usizunguke sana na mviringo.

Msimbo wa miraba, ambao ulibuniwa Japani na Denso Wave mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, una viwango vinne vya kujirekebisha. Mwambieni anayetengeneza programu achague cha juu kabisa, kinachovumilia hadi takriban asilimia 30 ya msimbo kuharibika. Utakuwa mkubwa kidogo kwenye karatasi, lakini vumbi la barabarani na jasho la mpakiaji havitaufuta. Chini yake chapeni namba ileile kwa tarakimu kubwa pamoja na tarakimu ya ulinzi aliyoieleza Mzee Mstaafu, kwa ajili ya siku ambayo simu ya karani wa upande wa pili haina chaji. Na karatasi ya printa za risiti hufifia ikikaa juani au karibu na injini, kwa hiyo ulizeni ile inayostahimili joto. Bei yake ni kubwa kidogo, na mzigo wa Kigoma unakaa kwenye buti muda mrefu.